Mlango mweupe kutoka Shaurimoyo

Mlango wa mbele wa kushoto wa gari langu uligongwa Buguruni, jua likizama, kwenye foleni ya kuingia Barabara ya Mandela. Basi dogo la abiria lilichomoka pembeni, likaukwangua kuanzia kwenye bawaba hadi kwenye kitasa, likaenda zake. Hakuumia mtu. Lakini bati lilijikunja kiasi kwamba kioo kiligoma kushuka, na kila nilipoufungua mlango ulilia kama kopo linalokanyagwa.

Gari lenyewe ni Altezza, RS200, ya rangi ya fedha. Wapo wanaosema gari lenye milango minne haliwezi kuitwa gari la spoti. Nawaelewa, ila sikubaliani nao. Chini ya boneti mna injini ya 3S-GE ya lita 2 ambayo Yamaha walishirikiana na Toyota kuiunda, farasi 210 kwa toleo la gia za mkono, gia zenyewe 6, na nguvu inakwenda matairi ya nyuma. Toyota walianza kuiuza Japani mwaka 1998, na mhandisi wake mkuu alikuwa Nobuaki Katayama. Ukipita nalo Daraja la Tanzanite alfajiri, kabla barabara haijajaa, unahisi kabisa kwamba waliolibuni walipenda kuendesha.

Nikalipeleka Keko kwa baba mdogo. Ni fundi bodi tangu kabla sijazaliwa. Gereji yake ni kivuli cha mwarobaini, mabati machache na kompresa inayonguruma hadi jirani. Nimekua nikimwona akiyainua magari ambayo wenyewe walishayakatia tamaa, na mtu akiniambia "kazi ya mkono", picha inayonijia ni vidole vyake vyenye vumbi la puti. Kwa hiyo nilikwenda nikijua atachukua nyundo.

Alipitisha kiganja juu ya mkunjo, taratibu, macho ameyafumba. Ndivyo afanyavyo siku zote, anasema macho yanadanganywa na mwanga.

"Huu nautoa," akasema. "Siku tatu, na puti kidogo hapa mwisho. Lakini nenda kwanza Shaurimoyo, mwanangu. Tafuta mlango mzima."

Iliniuma kidogo. Nilikuwa nimemletea kazi aliyoisomea maisha yake yote, naye ananituma nikanunue bati lililopigwa na mashine.

Nieleze kwa nini iliniuma. Nilipokuwa sekondari nilikuwa nikipita Mtaa wa Samora, kwa wale wauza vitabu na majarida ya mitumba waliotandaza bidhaa zao kando ya njia, nikinunua majarida ya magari ya Uingereza yaliyochelewa miaka mitano au kumi. Humo ndimo nilimoikuta Morgan. Ni kampuni ndogo ya mji wa Malvern, ilianzishwa na H.F.S. Morgan mwaka 1909, na hadi leo inaunda magari ya spoti ambayo bodi yake ina kiunzi cha mbao. Mbao kweli, zinazorandwa na seremala, zikaungwa kwa gundi na skrubu, kisha fundi mwingine anakuja na karatasi za alumini na kuzikunja juu ya kile kiunzi mpaka zikae. Gari likimaliza hatua moja, watu wanalisukuma kwa mikono kulipeleka kwenye banda linalofuata. Kwa mwaka hayafiki 1,000. Kuna kipindi mteja alisubiri gari lake miaka, na watu wakakubali kusubiri.

Mimi mtoto wa Temeke, niliyekulia karibu na mafundi seremala wa Keko wanaoranda vitanda na makabati barabarani, nilipoona picha ile nilihisi naifahamu. Mzee mwenye aproni anaranda mbao, vumbi la mbao sakafuni, kalamu ya risasi nyuma ya sikio. Ila mbao ile inakwenda kuwa gari! Tangu siku hiyo nikaweka moyoni kwamba gari la kweli ni lile lililotengenezwa kwa mkono, na kwamba yale yanayotoka kwenye laini ya kiwanda, moja baada ya jingine kama chupa za soda, yamekosa kitu ambacho hakirudi.

Niliamini hivyo kwa miaka zaidi ya ishirini. Mlango mweupe ndio ulionifanya nianze kuwaza upya.

Shaurimoyo, Ilala, ukiulizia spea ya Altezza swali la kwanza unaloulizwa ni moja: SXE10 au GXE10? Ya kwanza ndiyo yangu, yenye silinda 4. Ya pili ina silinda 6 zilizojipanga mstari. Nikajibu SXE10, kijana akacheka, akasema kwa mlango haijalishi, bodi ni ileile. Akanipeleka nyuma ya duka, kwenye kichochoro ambacho milango imesimamishwa kwa mamia kama vitabu kabatini. Akauvuta mmoja mweupe. Kioo kizima, mota ya kioo nzima, mpira wa pembeni haujakatika. Ulitoka kwenye gari lililokuja limekatwa nusu, lililotembea barabara ambazo mimi sitaziona.

Nikaurudisha Keko kwenye bajaji, nimeushika kwa mikono miwili njia nzima.

Baba mdogo na kijana wake walitoa ule wa zamani kwa spana ya 12, wakachomoa soketi ya waya, wakaupandisha mweupe. Matundu ya bolti yakakutana. Soketi ikaingia, kioo kikapanda na kushuka. Alichorekebisha ni kile chuma cha nguzoni kinachopokea kitasa, akakisogeza ndani kama unene wa ukucha. Akaufunga mlango. Ulitoa sauti moja fupi, nzito, iliyokamilika, ileile niliyoizoea. Kazi nzima haikumaliza saa moja.

Akakaa kwenye ndoo, akaniambia habari ya Peugeot.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wale wanaokumbuka wanakumbuka: nchi haina fedha za kigeni, sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, na spea za magari hazipatikani hata ukiwa na pesa mkononi. Yeye alikuwa kijana, anajifunza kazi Gerezani. Ikaja Peugeot 504 imepoteza madigadi ya mbele. Mwalimu wake akanunua pipa la mafuta, wakalipasua, wakalinyoosha, wakaanza kuligonga juu ya gogo la mwembe lililochongwa shimo. Wiki mbili. Gonga, pima, rudi, gonga. Waliipata madigadi, tena nzuri, na mwenye gari alilia kwa furaha. Miezi kadhaa baadaye ikaja Peugeot nyingine, mfano uleule, tatizo lilelile. Wakadhani wameshajua. Wakagonga wiki mbili nyingine.

"Ya kwanza ilikuwa ya gari lile tu," akasema. "Ya pili ya lile jingine tu. Ungebadilisha, hakuna iliyoingia."

Nilikaa na maneno hayo usiku kucha, kwa sababu yalinikumbusha kisa ambacho nilikisoma zamani bila kukipa uzito. Mwaka 1908, huko Brooklands, Uingereza, klabu ya magari ya kifalme ya nchi hiyo iliitahini kampuni ya Marekani, Cadillac. Yalichukuliwa magari 3 kwa wakala wao wa London. Yakafunguliwa yote, hadi bolti ya mwisho, vipande vikachanganywa kuwa lundo moja. Kisha wasimamizi wakaondoa vipande 89 na kuweka vingine vipya kutoka stoo ya duka. Mafundi wakapewa spana na bisibisi basi, hakuna tupa, hakuna nyundo ya kulazimisha, wakaambiwa waunde magari 3 kutoka kwenye lile lundo. Wakaunda. Yakatoka na rangi za kuchanganyika, bodi rangi hii na gurudumu rangi ile, yakawashwa, yakakimbizwa maili 500. Cadillac wakapewa Kombe la Dewar, tuzo ya klabu hiyo.

Kwa mtu wa Dar hilo lundo si jambo geni, tunaliona Shaurimoyo kila siku. Lakini mwaka 1908 lilikuwa ajabu, kwa sababu magari mazuri ya Ulaya ya wakati ule yalitengenezwa kama ile madigadi ya Gerezani. Fundi alikuwa na tupa yake pembeni, na kila kipande alikikwangua mpaka kikubali kukaa na jirani yake. Gari likakamilika, zuri, lakini likawa dunia yake peke yake. Kikivunjika kitu, huna budi kumrudia aliyelitengeneza, au umpate mwenye mkono kama wake. Mkuu wa Cadillac, Henry Leland, alikuwa amejifunzia usahihi wa vipimo kwenye viwanda vya silaha na vya zana. Huko askari akivunjikiwa na kifyatulio hawezi kungoja fundi aje na tupa.

Watu wengi tukisema "laini ya kiwanda" tunaanza na Henry Ford na ule mkanda unaotembea. Nadhani tunaanza mahali pasipo. Mkanda ulikuja kwenye kiwanda cha Ford cha Highland Park mwaka 1913, na wazo lake kwa sehemu lilitoka kwenye machinjio ya Chicago, ambako mzoga unaning'inia unapita mbele ya watu na kila mmoja anakata kipande chake. (Ukitaka kuielewa picha hiyo, fikiria machinjio ya Vingunguti, halafu igeuze: badala ya mnyama kupungua kila hatua, gari linaongezeka.) Kuunganisha chasisi moja kulishuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi saa 1 na dakika 33. Lakini yote hayo yasingewezekana kama bolti ya gari la kwanza isingeingia kwenye tundu la gari la elfu. Mkanda unatembea kwa sababu hakuna mtu anayesimama kukwangua.

Na gharama yake kwa binadamu ilikuwa kubwa, sitaificha. Wafanyakazi wa Ford waliikimbia kazi ile kwa maelfu, walichoka kukaza nati ileile tangu asubuhi, na Januari 1914 kampuni ilitangaza ujira wa dola 5 kwa siku, kwa sehemu kubwa ili watu wabaki. Mtu anayesema laini inamla mtu hakosei.

Hapo ndipo mama alipoingia kwenye mjadala. Nilikuwa nyumbani kwake Jumapili, namsimulia habari ya mlango, nikasema kitu kuhusu kazi za laini kutokuwa na moyo. Mama alifanya kazi Urafiki, kiwanda cha nguo cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

"Nani kakwambia hatukuwa na moyo?" akauliza. "Nilikuwa na mashine zangu. Nilizijua kwa sauti, moja moja, hata nikiwa nimeipa mgongo. Uzi ukikatika mashine inasimama. Unakwenda, unaunga, unawasha. Kama umeunga vibaya, kitambaa kitakuja kukuumbua mbele ya watu."

Nikamwomba radhi. Na aliyoyasema ni msingi wa Toyota wenyewe. Kabla ya magari kulikuwa na mashine za kufuma. Mwaka 1924 Sakichi Toyoda alikamilisha mashine iliyojisimamisha uzi unapokatika, ili isiendelee kufuma kitambaa kibovu. Haki za mashine ile ziliuzwa kwa kampuni ya Uingereza, Platt Brothers, mwaka 1929, na mwanawe Kiichiro ndiye aliyeiingiza familia kwenye magari. Ile tabia ya kusimama ikahamia kwenye laini. Kwenye viwanda vya Toyota, mfanyakazi akiona kasoro anavuta kamba, taa inawaka, msimamizi anakuja, na wasipopata jibu kwa wakati, laini inasimama. Mtu wa kawaida, mwenye sare kama ya wenzake, anaweza kusimamisha kiwanda.

Fikiria tofauti ya hapo na Porsche ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Porsche ilizaliwa kwa mkono kabisa. Vita ilipowafukuza Stuttgart walihamia Gmünd, kijiji cha Austria, kwenye kiwanda cha kupasulia mbao, na kuanzia mwaka 1948 wakatengeneza magari takriban 50 ya modeli iliyoitwa 356, bodi za alumini zilizogongwa kwa nyundo juu ya umbo la mbao, na vifaa vingi vikiwa vya Volkswagen. Nikiisoma habari hiyo sasa naona pipa la mafuta na gogo la mwembe. Uhaba ule ule. Waligonga kwa sababu hawakuwa na mashine wala fedha ya mashine, na walipopata nafasi ya kurudi Stuttgart waliwapa watu wa kampuni ya Reutter wawatengenezee bodi za chuma.

Miaka arobaini na kitu baadaye kampuni imekuwa kubwa, jina linatetemesha, lakini mauzo yameporomoka na inakaribia kufa. Kiwandani kwao mafundi hodari, wenye vyeti vya miaka mingi, walikuwa wakitumia ustadi wao kurekebisha mwishoni yale yaliyokosewa mwanzoni. Kipande kimekuja na kasoro, fundi anakikwangua kikae. Mlango hauendani, fundi anaushawishi. Wakajivunia, na kwa kweli walikuwa stadi. Mkuu mpya, Wendelin Wiedeking, akawaita washauri wa Kijapani waliotokea Toyota. Kilichosimuliwa sana ni siku aliposhika msumeno wa mashine mbele ya wafanyakazi na kuzikata rafu ndefu za vipuri zilizokuwa zimejaa kiwandani, ili vitu visirundikwe tena na kasoro zisipate pa kujificha. Porsche ikapona. Magari ya 911 yaliyofuata hayakupoteza chochote ninachokijua barabarani.

Kisa hicho kilinivunja kidogo, maana kilinionyesha kwamba neno "mkono" nilikuwa nikilipenda bila kuliuliza linafanya nini. Mkono unaoamua, unaosikiliza bati na kujua limechoka wapi, huo ni ufundi. Mkono unaofunika makosa ya aliyetangulia ni kazi pia, ngumu kweli, lakini ni afadhali kosa lisingekuwepo. Baba mdogo analijua hilo kuliko sisi wenye majarida. Ndiyo maana alinituma Shaurimoyo. Kugonga mlango ambao mzima wake upo hapo ng'ambo ya reli, kwake, ni kupoteza siku tatu ambazo angezitumia kwa gari lisilo na mlango popote duniani.

Na bado siwezi kuiacha Morgan. Mwaka 1990 kipindi cha televisheni cha BBC kilimpeleka pale Sir John Harvey-Jones, aliyewahi kuongoza kampuni kubwa ya kemikali ya ICI, akaangalia magari yanayosukumwa kwa mikono, akawashauri waongeze uzalishaji na wabadilishe mbinu zao. Hawakumfuata, na wateja waliongezeka baada ya watu kukiona kile kipindi. Lakini hata wao walijua nini kibaki na nini kiondoke: chasisi ya chuma ambayo asili yake ni mwaka 1936 waliistaafisha mwaka 2020, wakahamia kwenye alumini iliyogundishwa. Mbao zikabaki juu yake. Mbao zile naziheshimu, kwa sababu pale fundi hafuniki kosa la mtu, anafanya uamuzi mpya kwa kila gari, na mwenye gari akipata ajali analirudisha Malvern ambako bado kuna mtu anayejua kuranda kipande kile.

Mwenye gari wa Malvern yuko karibu na Malvern. Hilo ndilo lililokuwa likinipita miaka yote ile. Gari la mkono linadai mtengenezaji wake awe jirani. Sisi tuko mbali na kila kiwanda. Ukisimama Feri ukingoja pantoni ya Kigamboni utaziona zile meli za magari zikiingia mlangoni mwa bandari, kubwa kama ghorofa lisilo na madirisha. Aprili 2022 iliingia moja yenye magari 4,041, mengi yakiwa ya kupita kwenda nchi jirani. Meli moja ilibeba kuzidi kazi ya Morgan ya miaka minne. Magari hayo yanakwenda Mbeya, Lubumbashi, Ndola, yatavunjikia mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuiona Japani, na kijana mwenye spana ya 12 atayafufua kwa kipande kilichotoka kwenye gari jingine kabisa. Wale wahandisi waliong'ang'ania kipimo cha tundu la bolti hawakumjua kijana yule. Lakini walimtendea haki, na naithamini haki hiyo kuliko mshono wa ngozi kwenye usukani.

Toyota wenyewe wanazijua njia zote mbili. 2000GT, ile ya 1967 hadi 1970 waliyoiunda na Yamaha, ilitoka 351 tu, kwa kazi nyingi za mkono, na leo bei yake haisemeki. Lexus LFA, gari la spoti la chapa yao ya kifahari, ilitengenezwa 500 kati ya mwisho wa 2010 na Desemba 2012 katika kiwanda cha Motomachi, gari moja kwa siku, na kila injini ilifungwa na mtu mmoja aliyeweka sahihi yake. Kwa ajili ya nguzo za paa la gari hilo waliunda mashine ya duara ya kufuma nyuzi za kaboni. Nilimwonyesha mama video yake kwenye simu. Aliitazama mara mbili, akasogeza simu karibu na sikio asikie mlio.

Na hapohapo Motomachi, kuanzia 2020, GR Yaris, gari lao dogo la spoti, inaundwa katika karakana isiyo na mkanda. Magari yanahamishwa na vigari vinavyojiendesha kutoka kituo hadi kituo, na mafundi waliochaguliwa wanapata muda mrefu zaidi kwa kila gari, wanapima, wanalinganisha vipande ili vinavyoelewana vikae pamoja. Lakini vipande ni vya kiwanda, vyenye namba, vinavyoweza kuagizwa. Kama ningepewa nafasi ya kutembelea kiwanda kimoja tu duniani, sasa nisingechagua Malvern. Ningekwenda pale.

Nirudi Keko. Kuna jambo lililotokea siku ile ya mlango ambalo nimelihifadhi mpaka hapa.

Kabla ya kuupandisha mlango mweupe, baba mdogo aliulaza kwenye gunia, akaufuta vumbi kwenye bawaba. Akaniita. Bawaba zilikuja na mlango, bado zimefungwa kama zilivyotoka kiwandani, na kwenye vichwa vya bolti palikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya njano, unaoanzia juu ya bolti na kushukia kwenye chuma cha bawaba bila kukatika.

"Unaona?" akasema. "Hizi hazijawahi kuguswa tangu huko. Mtu amekaza, ameridhika, akaweka alama. Ingefunguliwa hata robo, mstari ungeachana."

Aliugusa ule mstari kwa kidole. Ulikuwa umepindika kidogo mwishoni, mahali brashi ilipoinuliwa kwa haraka kwa sababu gari jingine lilikuwa linakuja. Ulikuwa na miaka zaidi ya ishirini, umevuka bahari, umelala kichochoroni Ilala.

Bolti za upande wa nguzo, zile alizozifungua yeye, hazikuwa tena na alama yoyote. Alipomaliza kurekebisha alizikaza moja moja, akaufunga na kuufungua mlango mara kadhaa, akazikaza tena. Kisha akamtuma kijana kwa jirani aliyekuwa anapaka geti. Kijana akarudi na kijikopo na brashi. Baba mdogo akapiga magoti, akashika pumzi, akavuta mstari juu ya kila bolti hadi kwenye chuma. Rangi ilikuwa ya kijani.